Mgomba, samaki sambaza na mpaka wa mto Ruzizi: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Bukavu

Mimi ni agronomu, yaani mtaalamu wa kilimo, na maswali haya nimeyaokota kwenye vikao vya vyama vya wakulima Kabare, Walungu na bonde la Ruzizi, hapa Kivu ya Kusini, mashariki mwa Kongo. Mengine nimeulizwa ndani ya gari la Kavumu, nimebanwa kati ya gunia la makala (mkaa) na mama mwenye kuku wawili. Sikuyapanga kwa umuhimu. Yale ninayoulizwa kila wiki nimeyajibu kwa kirefu, yale ya mara mojamoja nimeyapitia haraka.

Nina nusu hekta tu Kabare. Ushirikiano wa nchi na nchi katika utafiti wa kilimo unanihusu nini?

Ugonjwa uliomaliza migomba ya jirani yako haukuzaliwa Kabare. Mnyauko wa bakteria, ambao wengi tunauita kwa Kinyarwanda kirabiranya, uliandikwa na watafiti kule Ethiopia mwaka 1968, kwenye enseti, mmea ambao ni ndugu wa mgomba. Ulikaa huko zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 2001 ukaonekana Uganda, na mwaka huohuo Masisi, kwetu Kongo. Rwanda ukaonekana 2005, Tanzania na Kenya 2006, Burundi 2010. Chukua ramani, weka kidole kwenye kila mahali kwa kufuata miaka hiyo: utaona njia za wachuuzi wa ndizi, barabara za soko, na vivuko tunavyovijua wote.

Sasa jiulize habari za ugonjwa huo zilitembea kwa mwendo gani. Mtafiti wa Kawanda nchini Uganda alipojua namna ya kuuzuia, mama wa Masisi alijua baada ya muda gani? Kwangu ushirikiano hupimwa hapo. Mikataba na picha za mawaziri wakishikana mikono sizidharau, ila huwa nauliza swali moja: habari ilifika kabla ya ugonjwa au baada yake?

Majina ni mengi mno. Nani ni nani?

Kila nchi ina taasisi yake ya utafiti. Kwetu Kongo ni INERA, yenye kituo cha Mulungu, Kabare. Rwanda ni RAB, Burundi ni ISABU, Uganda ni NARO. Juu yao kuna ASARECA, iliyoanzishwa mwaka 1994 na makao yake Entebbe, ambayo kazi yake ni kuzifanya taasisi hizo zisirudie kazi ileile kila moja peke yake. Halafu kuna vituo vya kimataifa: IITA, ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, ambayo makao yake makuu ni Ibadan, Nigeria, ina kituo Kalambo, jirani kabisa na mji wetu. Wale wa maharagi wana mtandao wao, PABRA, tangu 1996. Na wakulima wa miaka ya 2000 watakumbuka CIALCA, muungano uliofanya kazi Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja, kwa fedha za Ubelgiji, juu ya migomba, mikunde na rutuba ya udongo.

Wazee watakuuliza pia kuhusu CEPGL, jumuiya ya Kongo (wakati huo Zaire), Rwanda na Burundi iliyotiwa sahihi Gisenyi tarehe 20 Septemba 1976. Hiyo ilizaa IRAZ, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo iliyowekwa Gitega, Burundi, ambako aina za migomba za kanda nzima zilikusanywa na kupandwa mahali pamoja. Baada ya 1994 jumuiya hiyo ililala usingizi mzito. Iliamshwa tena mwaka 2007, lakini haijawahi kuchangamka kama ilivyotarajiwa.

Kweli Mulungu iliwahi kuhudumia nchi tatu?

Ndiyo. Wabelgiji walianzisha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, mwaka 1933 kwa ajili ya Kongo na Ruanda-Urundi kwa pamoja, makao makuu yakiwa Yangambi. Mulungu ilikuwa kituo chake cha nyanda za juu: kahawa, chai, kwinini, mazao ya chakula. Rubona, Rwanda, kilikuwa kituo ndugu. Kwa hiyo ushirikiano wa kanda hapa ni mkongwe kuliko mipaka ya nchi huru, ingawa tusisahau ulikuwa wa nani: mkoloni alitaka kahawa na kwinini, na muhogo wa mama ulikuja baadaye kwenye orodha. INERA ilirithi vituo hivyo mwaka 1970.

Nenda Lwiro siku moja, mbele kidogo ya Mulungu, uone majengo ya kituo cha sayansi asilia. Utashangaa watu walijenga jumba kama lile kijijini, na maktaba ndani yake.

"Agronomu, kwa nini munatukataza kukata ua la ndizi na panga?"

Hili ndilo swali namba moja, na nalipenda kwa sababu jibu lake limezunguka nchi nyingi kabla ya kufika kwetu.

Ua dume, lile kokwa la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, hutoa utomvu mtamu. Nyuki na wadudu wengine huja kunywa. Mdudu aliyetoka kwenye mgomba mgonjwa anabeba bakteria, anatua kwenye kovu bichi pale ua lilipodondoka, na ugonjwa unaingia. Kwa hiyo unaliondoa ua hilo mapema, mara chane la mwisho linapojitokeza. Ukilikata kwa panga uliyotoka kukatia mgomba mgonjwa, umefanya kazi ya mdudu, tena vizuri kuliko yeye. Ndiyo maana tunatumia kijiti chenye panda: unakishika kutoka chini, unazungusha, ua linavunjika, na chuma hakijagusa kitu. Kijiti hakigharimu hata faranga moja. Na mkungu hunenepa zaidi, kwa sababu chakula hakiendi tena kwenye ua.

Wamama wa Walungu waliwahi kunibishia kwamba ua likitolewa ndizi hazitakuwa na ladha. Tulikubaliana wajaribu kwenye migomba mitano. Msimu uliofuata hakuna aliyelitaja jambo la ladha, ila mmoja alilalamika kwamba watoto wamevigeuza vijiti kuwa manati.

Panga nalo lina sheria yake. Ukimaliza kichaka kimoja, lipitishe kwenye moto mpaka liwe la moto kulishika, ndipo uende kichaka kingine. Kama una maji ya kufulia ya klorini, tumia hayo. Moto wa majani makavu unatosha.

Nikiona mgomba mmoja mgonjwa, ning'oe kichaka chote?

Zamani jibu lilikuwa ndiyo, na kwa mkulima mdogo lilikuwa jibu la kikatili. Unaambiwa ung'oe kichaka kizima na mizizi yake, unakaa zaidi ya mwaka bila ndizi, na serikali haikulipi. Watu walificha migomba yao. Ningekuwa mimi ningeificha pia.

Baadaye watafiti, wakiwemo waliofanya majaribio hapa Kivu, waliona kwamba bakteria haiingii kwenye watoto wote wa kichaka. Kwa hiyo siku hizi tunasema: kata shina linaloumwa peke yake, chini kabisa usawa wa ardhi, usiguse mengine kwa panga hilohilo, na urudi kukagua kila wiki. Ukikata kila linaloonyesha dalili, ugonjwa hupungua polepole mpaka shamba linapona kwa sehemu kubwa. Inataka uvumilivu na jicho, na jicho ndilo linalochoka kwanza. Pale kijiji kizima kinapougua, shamba karibu lote likiwa la manjano, ushauri wa zamani bado una nafasi yake.

Na muhogo? Kwa nini nisinunue miti ya muhogo popote ninapoipata?

Muhogo hupandwa kwa vipande vya mti, na ugonjwa husafiri ndani ya vipande hivyo. Kuna magonjwa mawili ya kuogopa. Batobato unaona kwenye majani: yanajikunja, yana madoa ya manjano, sombe inakuwa mbaya. Michirizi kahawia ni mjanja zaidi, maana mmea waweza kuonekana mzima, kumbe chini muhogo umeoza madoadoa ya kahawia, magumu kama kizibo. Unagundua siku ya kuvuna, jembe likiwa mkononi. Yote mawili hubebwa na inzi weupe.

Kisa cha muhogo ndicho ninachokitumia mtu akiniambia kwamba utafiti wa nchi nyingine haumhusu. Miaka ya 1930, kwenye kituo cha Amani katika milima ya Usambara, Tanganyika, watafiti walianza kuoanisha muhogo na ndugu yake wa porini ili wapate mmea unaostahimili. Uzao huo ulipelekwa Nigeria. Miaka ya 1970 IITA ikaujengea juu yake kazi yake yote ya muhogo unaostahimili batobato. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali likalipuka Uganda, likashuka Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na kwetu, na silaha iliyotumika ilikuwa hiyohiyo yenye damu ya Amani. Ukipanda Sawasawa au Liyayi kule Walungu, unapanda kazi ya watu ambao hawakuwahi kusikia jina la Walungu.

Kwa hiyo nunua kwa chama kinachozalisha miti ya kupanda na kilichokaguliwa na SENASEM, idara ya serikali ya mbegu. Ukishindwa, basi nenda ukaone shamba mama mwenyewe, majani yakiwa bado juu. Usinunue furushi barabarani.

"Mbegu ya ng'ambo ni muzuri kuliko ya kwetu?"

Ng'ambo ni Rwanda, ng'ambo ya Ruzizi. Jibu: mara nyingine ndiyo, mara nyingine ni ileile imevaa mfuko mpya. Maharagi ya kupanda juu ya aina ya Vuninkingi, ambayo jina lake kwa Kinyarwanda ni kama kusema "vunja nguzo", yalitoka huko na yanastawi kwetu, maana mvua na mwinuko vinafanana. Kiazi cha Cruza, tunachokula sote kuanzia Musanze mpaka Masisi, kilitoka Mexico. Mbegu njema haina uraia.

Mfuko usio na alama yoyote ni jambo lingine. Huo unaweza kuwa maharagi ya kula yaliyopakwa rangi.

Ni halali kuvuka na mbegu pale mpakani, Ruzizi ya kwanza?

Kiasi cha biashara kinataka cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inayotoa, na aina yenyewe iwe imekubaliwa kwetu. COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, ilipitisha mwaka 2014 kanuni za pamoja za mbegu, kwamba aina iliyokubaliwa katika nchi mbili iingie katika orodha ya kanda na iuzwe kote. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, nayo ina utaratibu wake, na Kongo ni mwanachama wa zote mbili. Juu ya hapo mwaka 2022 tukaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya tatu, kanuni tatu, na afisa mmoja mpakani aliyechoka jua.

Wamama wanavuka na kilo tano ndani ya beseni, kama walivyovuka mama zao. Sitasema uongo kwamba karatasi zimewatangulia. Ninachowaomba ni kimoja: msivushe watoto wa migomba wala miti ya muhogo. Maharagi yaliyochaguliwa punje kwa punje hayatishi kama kichipukizi chenye udongo mizizini.

Maharagi ya kupanda juu yanazaa sana, lakini miti ya kuegemeza nitaitoa wapi?

Hapa ndipo utafiti wa mbegu na ulinzi wa msitu hukutana, mara nyingine kwa ugomvi. Maharagi haya huzaa mara mbili hata mara tatu kuliko ya chini. Kwa mlima uliojaa watu kama wetu hiyo ni neema. Lakini hekta moja inakula maelfu ya miti kila baada ya misimu michache. Mtafiti akileta mbegu bila kuleta jibu la miti, amemtuma mkulima Kahuzi-Biega na panga.

Jibu lipo, na lilifanyiwa kazi Rwanda na Burundi kabla yetu: panda kaliandra, grevilea au matete kwenye kingo za mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Unapata miti ya maharagi, majani ya mbuzi, na udongo unabaki juu ya mlima wako badala ya kushuka kwa jirani. Kamba zilizofungwa kati ya nguzo chache pia zinafaa, ingawa watoto huziiba kuchezea.

Hifadhi ya Kahuzi-Biega inahusiana vipi na kilimo?

Iliundwa mwaka 1970 ikiwa na kilomita za mraba 600 hivi, ikapanuliwa 1975 kufika 6,000, ikaingia orodha ya urithi wa dunia 1980, na tangu 1997 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ndimo anamoishi sokwe wa Grauer. Mito mingi inayonywesha Kabare na Kalehe inaanzia humo. Batwa, wenyeji wa msitu huo, walitolewa humo bila ardhi mbadala, na deni hilo halijalipwa. Mtu akikuambia habari za msitu ule bila kuwataja Batwa wala makala yanayouzwa Kadutu, hapa mjini, amekueleza nusu.

Kaskazini, kwenye Virunga, Kongo, Rwanda na Uganda zinalinda safu moja ya milima kwa pamoja, na zilitia sahihi mkataba mwaka 2015. Askari wa hifadhi walikuwa wakipeana habari za sokwe wa milimani hata nyakati ambazo serikali zao hazikuwa zinaongea vizuri.

Sambaza wamepungua. Je, ni kosa la wavuvi wa upande wa pili?

Kila upande unasema hivyo. Sambaza si wa Ziwa Kivu kwa asili: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu samaki wa hapa hawakuwa wakitumia maji ya katikati ya ziwa. Wakazaana vilivyo. Jina limewakaa.

Ziwa ni moja, kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, na samaki hawaulizi bendera. Rwanda hufunga uvuvi kwa muda kila mwaka ili samaki wazaane. Upande mmoja ukifunga na mwingine ukiendelea, anayefunga anamlisha asiyefunga. Na vyandarua vya mbu bado vinavutwa ufukweni kwetu, vinazoa watoto wa samaki wadogo kama sindano. Nimewaona watu wakivivuta Nguba, hapa Bukavu, mchana kweupe. Kabla ya kumnyooshea kidole mtu wa Kamembe, Rwanda, tuanze na vyandarua hivyo.

Na gesi iliyo ndani ya ziwa?

Chini sana, kwenye maji yasiyopanda juu, kuna methani na kaboni dioksidi nyingi. Rwanda inazalisha umeme kwa methani hiyo kwenye mtambo wa KivuWatt, wa megawati 26, tangu 2016. Kongo (wakati huo Zaire) na Rwanda zilikubaliana tangu 1975 kwamba gesi hiyo ni ya wote wawili. Mkulima hahitaji kujua zaidi ya hapo leo, ila ajue kwamba kutia maji na kutoa maji humo si jambo la mtu mmoja kuamua.

Kwa nini umeme unakatika, na agronomu anahusikaje?

Anahusika zaidi ya unavyofikiri. Bwawa la umeme la Ruzizi ya kwanza lilianza 1958. La pili, 1989, ni la Kongo, Rwanda na Burundi kupitia kampuni yao ya umeme, SINELAC. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu hapahapa Bukavu. Chupa za plastiki na mifuko inayoteremshwa na mvua kutoka milima ya Kadutu na Ibanda inaishia kwenye bwawa, na mitambo imewahi kusimamishwa kwa ajili hiyo. Pamoja na plastiki unashuka udongo. Udongo huo ni shamba la mtu, na unapita Kamanyola, unafika bonde la mpunga, unaingia Tanganyika kule Uvira. Maji hayohayo hutokea Kalemie kwa mto Lukuga na kuungana na mto Kongo. Kwa hiyo mtaro wako wa Kabare una wapokeaji wengi.

Kwa Ziwa Tanganyika, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa pamoja Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na mamlaka yake iko Bujumbura.

Kuingia Afrika Mashariki mwaka 2022 kumebadilisha nini kwa mkulima?

Kidogo. Kiswahili chetu kimepata heshima kidogo mikutanoni, ingawa wenzetu wa Dar bado wanacheka tukisema "bugali".

Vita je?

Mwaka 2025 vita viliingia Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari. Jambo lolote nililoandika hapa kuhusu ofisi, kituo au mpaka, lihakikishe kwa mtu aliye mahali penyewe kabla hujapanda gari.

Miradi inakuja na kuondoka. Inabaki nini?

Mara nyingi kibao. Nakijua kibao kimoja barabarani, kimeandikwa "shamba la mfano" na majina ya wafadhili watano, nyuma yake kuna majani marefu kuliko mimi. Fedha zilikuwa za miaka mitatu, na mgomba unataka zaidi ya hiyo. Lakini mita mia mbili kutoka hapo kuna mzee anayepanda kwa mistari mpaka leo na ameshawafundisha wakwe zake. Mradi ulimwandika kwenye ripoti kama namba. Ningekuwa na fedha ningemlipa yeye.

Mwanangu anasoma kilimo. Aanzie wapi kama anataka utafiti?

UEA (chuo kikuu cha Kiinjili) na Chuo Kikuu cha Kikatoliki vina vitivo vya kilimo hapa mjini, na ISDR inafundisha maendeleo ya vijijini. RUFORUM, yenye ofisi Kampala, inaunganisha vyuo vikuu vya Afrika. Aombe nafasi ya kujifunza Kalambo au Mulungu. Ajifunze Kiingereza, maana ripoti za Entebbe na Nairobi haziandikwi kwa Kifaransa. Na asisahau Mashi, lugha ya hapa kwetu, kwa sababu mkulima wa Walungu hatamwambia mambo ya shamba lake kwa Kifaransa pia.

Nimeona jani la mgomba limenyauka leo asubuhi. Nifanye nini kabla sijampata agronomu?

Usikate kitu kwanza. Tazama mkungu: kama ndizi zimeiva kabla ya wakati, moja hapa moja pale, vunja moja kwa mkono. Ndani ikiwa na madoa ya kahawia, karibu hakika ni kirabiranya. Shina likikatwa hutoa usaha wa manjano baada ya dakika chache. Kama ni majani ya chini tu yanayogeuka manjano kuanzia pembeni na shina linapasuka chini, huenda ni ugonjwa mwingine wa ukungu, na namna ya kuukabili ni tofauti.

Ukishajua, washa moto, choma panga, kata shina hilo moja usawa wa ardhi, likatekate papo hapo, uliache lioze mbali na njia. Funga mbuzi wasije kutafuna majani yake. Choma panga tena. Halafu pita kwa majirani wote wanne wanaopakana nawe, leo hii kabla ya jioni, uwaonyeshe ile ndizi uliyoivunja. Na kama una shemeji ng'ambo mwenye migomba, mpigie simu.